Mama Mkwe na Ampea 24

Sabuni ilikuwa imeshamfika mama mkwe machoni wakati maji yalipogeuka barafu. Nalijua hilo kwa sababu alilitangaza mwenyewe, kwanza kwa Kimatengo, kisha kwa Kiswahili ili mkwewe nisije nikapitwa. Ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu usiku, mwezi Juni, hapa Songea, msimu ambao baridi inashuka kutoka Matogoro na kuingia ndani ya mifupa bila kupiga hodi. Leo ni Jumatano. Bado nikiingia sebuleni watoto wananyamaza, halafu mmoja anashindwa kujizuia.

Kinachoniuma ni kwamba mama hakuiomba hiyo shawa. Aliposhuka kwenye basi la Mbinga, na gunia la maharage mkononi, alisema waziwazi, "Mimi nipasheni tu maji ya ndoo, nimezoea." Nami nikamjibu, mbele ya makondakta na bodaboda wa stendi, "Mama, kwetu siku hizi hatubebi ndoo." Kauli hiyo ingekuwa inakombolewa, ningeikomboa leo hata kwa kuuza baiskeli.

Jeuri yangu ilitoka kwenye sanduku la breka. Mafundi wengine huliita DB, wengine huliita meni swichi lote zima, na dukani nilikolinunua wanaliita konsyuma. Ni lile sanduku la ukutani ambalo umeme ukishatoka kwenye mita ya luku huingia humo kwanza, ndipo ugawiwe: huu wa taa, huu wa soketi, huu wa shawa. La kwetu lilifungwa miezi miwili iliyopita, pamoja na hiyo shawa ya maji moto, na fundi niliyempata kwa kuulizia. Kwa nje lilikuwa jeupe, linang'aa, lina kamlango ka plastiki ya kioo. Alhamisi nikafungua skrubu za kifuniko ili nifute vumbi, nikakuta ndani nywele za mtoto aliyeamshwa usingizini.

Nyaya zilikuwa zimejikunja, zimepandana, nyingine zimefanya kitanzi kabisa bila sababu. Nami nilikuwa nimeona kwenye simu picha za masanduku ya wenzetu huko Ulaya, nyaya zimepinda pembe mraba, zimesimama kama askari wa gwaride. Mgeni anakuja Jumamosi. Nikaamua kuzisuka.

Nilizima meni, kwa hiyo msinihukumu mapema. Nikafanya kazi jioni mbili kwa tochi ya kichwani. Nikanyoosha, nikakunja, nikafunga vifungo vya plastiki kila baada ya vidole vitatu. Mwisho ukabaki waya mmoja wa bluu unaoniharibia gwaride. Wenzake wote wa upande ule walishuka wima kwenye baa ya shaba iliyo chini yao, huu peke yake ulikatiza mbele ya wote kwenda kwenye baa ya pili, ya mbali, wakati baa ya jirani ilikuwa na tundu tupu, safi, linaloungoja. Niliuonea huruma. Nikauhamishia kwenye baa ya jirani.

Nikawasha. Taa zikawaka, friji ikanguruma, redio ikatoa taarifa ya habari. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo. Shemeji yangu wa Namtumbo akajibu, "Kumbe shemeji ni injinia." Sikumkanusha.

Ndipo Jumamosi mama akaingia bafuni, akafungua maji, na kule koridoni, ndani ya sanduku langu lililosukwa, kikalia kitu: tuk.

Mila haziniruhusu kusogelea mlango wa bafu akiwamo mama mkwe, na hata zingeniruhusu nisingethubutu. Mawasiliano yote yalipitia kwa mke wangu, aliyesimama katikati ya korido kama mnara wa simu.

"Mwambie asubiri dakika moja."

"Mama, anasema usubiri dakika moja."

"Muulize hiyo dakika ni ya kwake au ya saa ya ukutani."

"Anauliza..."

"Nimesikia."

Nikafungua kamlango. Breka moja pana, yenye kitufe kilichoandikwa T, ilikuwa imelala chini. Nikaipandisha. Tuk. Nikaipandisha tena. Tuk. Mara ya tatu nilijaribu taratibu, kama mtu anayembembeleza kuku arudi bandani. Tuk. Mara ya nne hasira zikanipanda, nikaikandamiza kwa kidole gumba, nikasema moyoni, sasa tuone.

Hapa naomba nitulie kidogo, maana jambo hili nililielezwa kesho yake na mpaka leo linanishangaza. Breka huwezi kuilazimisha. Kile kishikio unachokiona kwa nje hakikushikamana moja kwa moja na vyuma vya ndani vinavyopitisha umeme. Kati yao kuna komeo dogo, na komeo likishafyatuka, unaweza kukikalia kishikio hicho mpaka asubuhi, ndani kumeshaachana zamani. Mtu aliyekibuni aliketi akafikiri: siku moja, mahali fulani duniani, patakuwa na mwanamume anaona haya mbele ya mama mkwe, naye atakikandamiza kwa gumba. Akamtengea dawa yake mapema.

Nami nikakandamiza hadi gumba likaniuma, na maji yakabaki baridi. Mnara wa simu ukaniletea ujumbe mpya: "Mama anauliza kama huku ndivyo mnavyooga."

Kwa kuchanganyikiwa nikafanya uamuzi wa kiungwana: nikazima meni ili nianze upya. Nyumba nzima ikawa giza. Nikasikia kopo likianguka bafuni, kisha kimya, kisha sauti ya chini, ya utulivu kabisa, ambayo ndiyo naisikia kila nikifumba macho: "Basi. Leteni ndoo."

Ndoo ikapelekwa. Maji yalichemshwa kwenye jiko la mkaa, kwa sababu hata jiko la umeme nilikuwa nimelifungia kwenye gwaride lile lile.

Jumapili baada ya misa mke wangu alimwita binti wa jirani, aliyesomea umeme chuo cha ufundi na ambaye mtaani wanamwita akishashindwa fundi wa kiume. Alifika na bisibisi zake kwenye mfuko wa shule. "Shikamoo baba." "Marahaba." Akafungua kifuniko, akatazama muda mrefu. Nikangoja asifie.

"Baba, nani alipanga hapa?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Yule wa..."

"Yule ni huyu," mke wangu akasema, akaenda zake jikoni.

Binti hakucheka, na hilo nitamlipa siku moja. Alitazama tu zile baa mbili, kisha akagusa ule waya wa bluu niliouonea huruma. Nao ulikuwa nyutro ya shawa.

Alinieleza hivi. Ile breka pana yenye herufi T, ambayo mafundi huiita RCCB, haipimi wingi wa umeme. Inahesabu. Ni mlinzi wa zizi anayekaa getini: mbuzi wanaotoka asubuhi anawahesabu, wanaorudi anawahesabu, na hesabu isipolingana anafunga geti hapo hapo. Umeme unatoka kwa waya wa laivu, unarudi kwa nyutro. Nyaya zote mbili zinapita katikati ya pete moja ya chuma ndani ya breka hiyo. Kinachokwenda kikiwa sawa na kinachorudi, nguvu zao za sumaku zinafutana, pete haisikii kitu. Vikitofautiana, maana yake kuna umeme umepotelea njiani: labda umepitia ukuta mbichi, labda umepitia kwa mtu. Za majumbani huwekwa ziamke kwenye miliampea 30, na zinatakiwa ziwe zimekata ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Miliampea 30 ni kidogo mno, balbu ya zamani ya wati 60 inakula karibu mara tisa ya hapo. Lakini kwa moyo wa binadamu si kidogo, ndiyo maana mlinzi huyu hajui kusamehe.

Sasa sanduku letu lina mazizi mawili. Taa na friji hazipiti kwa mlinzi. Soketi, jiko na shawa vinapita. Kila zizi lina baa yake ya nyutro, na baa hizo hazichangamani. Shawa yetu ni ya wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 24. Jumamosi usiku mlinzi aliona mbuzi 24 wakitoka getini kwake kwenda kumwogesha mama mkwe. Akangoja warudi. Hawakurudi, kwa sababu mimi, kwa ajili ya urembo, niliwafungulia njia ya kurudia kwa jirani. Katoka 24, karudi sifuri. Akafunga geti. Na kila nilipomfungulia kwa lazima, aliwahesabu upya, kwa uaminifu, akapata jibu lile lile.

"Kwa hiyo breka haikuwa mbovu," nikasema.

"Ndiyo pekee iliyokuwa nzima, baba," akajibu, bila kufafanua alikuwa anahesabu na nani wengine.

Nikaona nimpe kiti, na tangu hapo nikawa mwanafunzi. Alinionyesha breka ndogo, zile zenye upana wa kama milimita 18. Mle ndani kuna walinzi wawili wenye tabia tofauti. Mmoja ni ukanda wa metali mbili zilizobandikwa pamoja. Umeme ukizidi, ukanda unapata joto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, ukanda unapinda polepole mpaka unafyatua komeo. Huyu ni mvumilivu: breka ya ampea 20 ukiipitishia ampea 24 inaweza kukustahimilia saa nzima. Wa pili ni koili ya sumaku, na huyu hana subira kabisa. Ikitokea shoti anakata kabla hujapepesa. Kuwaweka wawili hao ndani ya chombo kimoja kidogo ni kazi ya Mjerumani Hugo Stotz na wenzake huko Mannheim, mwaka 1924. Breka zake za kwanza zilikuwa za kufungwa kwa kuzungushwa, kama balbu, mahali pa fyuzi. Tangu Jumapili nimemtaja Hugo Stotz mara nyingi kiasi kwamba mke wangu amepiga marufuku jina hilo mezani.

Kisha binti akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu moja moja, na kuvuta kila waya kidogo baada ya kukaza. Tatu zilichomoka mkononi. Zilikuwa zimepinda pembe mraba, maridadi, na hazikuwa zimeshikwa na kitu.

Hili nalo sikulijua. Mimi nilidhani waya uliolegea kosa lake ni kutopitisha umeme. Kumbe unapitisha, na hapo ndipo balaa. Ukipitisha ampea 24 mahali palipolegea, penye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu, joto linalozaliwa hapo ni karibu wati 58. Hiyo ni pasi ya kulehemu redio, imewashwa, imesahauliwa ndani ya sanduku la plastiki, juu ya kabati la nguo. Na hakuna breka itakayoliona: mbuzi wanaotoka ni 24, wanaorudi ni 24, wala hawajazidi. Uingereza ilichoshwa na moto wa aina hii hadi ikaweka kanuni, kuanzia Januari 2016, kwamba masanduku ya nyumba za kuishi yawe ya kitu kisichoungua, kama chuma. La kwangu nililichagua la plastiki kwa sababu linameremeta.

Na mji wetu huu haukuzoea mzigo. Nyumba nyingi za Songea ziliwekwa nyaya enzi za jenereta za dizeli, wakati umeme ulikuwa wa balbu tatu, redio na, kwa waliojaliwa, pasi. Mwaka 2015 watawa Wabenediktini wa Chipole wakaanza kutuuzia umeme wa maji kutoka mtambo wao wa Tulila, kwenye mto Ruvuma. Mwaka 2018 ikafika laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kilomita 250, tukaungwa kwenye gridi ya taifa. Baada ya hapo maduka yakajaa shawa, birika na majiko. Umeme uliokuja ulikuwa mpya. Kuta ulizopitia zilikuwa zile zile za enzi za redio.

Hata zilizo mpya si salama. Shawa yetu, binti aligundua, imefungiwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, na breka ya ampea 32. Kumbe fundi aliweka kwanza breka ya 20, ikawa inakata baada ya muda, nikampigia simu nikalalamika, akaja "kuirekebisha". Nakumbuka nilimshukuru. Aliirekebisha kwa kuweka breka kubwa, yaani badala ya kuongeza unene wa waya aliongeza upole wa mlinzi. Sasa waya ungeungua kwanza, breka ikija kwenye mazishi.

Ndipo akauliza swali la mwisho. "Baba, nondo ya athi iko wapi?"

Nikamwambia iko nje, fundi alinionyesha. Tukazunguka nyumba. Hakukuwa na nondo. Tukarudi ndani. Waya wa kijani na njano ulitoka kwenye sanduku umenyooka, ukaingia ukutani kwenye bomba lake, kwa heshima zote. Binti akaushika, akauvuta taratibu. Ukaja. Ukaja wote, urefu wa mkono wangu mmoja, na ncha yake ilikuwa imekatwa safi. Haijawahi kugusa udongo tangu izaliwe.

Hapa ucheshi unaniishia.

Binti alieleza kwa sauti ya chini, nadhani kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni anachambua dagaa wa Nyasa. Athi ikiwapo, shawa ikivuja, umeme unakimbilia ardhini sekunde ile ile, hesabu inaharibika, mlinzi anafunga geti kabla mtu hajagusa kitu. Athi isipokuwapo, umeme uliovuja unakaa pale pale kwenye chombo, unangoja. Hesabu inalingana, kwa sababu hakuna aliyepotea. Anapotea wa kwanza pale mtu mwenye miguu mibichi anaponyoosha mkono. Yaani bila nondo ile, kipimo ni mtu. Na Jumamosi niliyekuwa nimemweka awe kipimo, kwa kumkatalia ndoo, ni mama aliyenizalia mke.

Ninayo karatasi ya hesabu ya fundi yule. Mstari wa saba: "Nondo ya athi 1." Nililipa. Nimekuwa nikiitoa na kuirudisha mfukoni tangu Jumapili, nikijiandalia maneno ya kumwambia, na hapokei simu. Lakini chini ya mstari wa mwisho pana mwandiko wangu mwenyewe, ambapo jumla imekatwa na kuandikwa nyingine, pungufu kwa shilingi 60,000. Siku ile nilijisifu kwa mke wangu kwamba nimemkata. Nilimkata kweli, naye akakata, pale ambapo mimi nisingetazama. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi umeme, kila mtu anaweza kuomba aonyeshwe, mimi swali langu lilikuwa moja, "Bei ya mwisho?" Vigae vya bafu lile lile nilivichagua siku mbili, nikavigonga kimoja kimoja kwa kidole nisikilize mlio. Na binti huyu, aliyefanya kazi kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja, alipomaliza, nilijikuta mkono wangu unatafuta mfukoni "hela ya soda". Mke wangu aliuona mkono huo. Tulilipa inavyostahili, lakini aliona ulikokuwa unaelekea.

Mengine ya wiki hii nayataja kwa haraka. Tundu tupu la breka nililoliacha wazi lilikuwa limeshapata mpangaji, mjusi, naye amekauka. Jumatatu nilibandika majina ya breka kwa mwandiko mzuri, nikakosea mawili. Jana nilibonyeza kitufe cha T, kama nilivyoelekezwa nifanye kila mwezi, bila kuwaambia wanaopiga pasi sare za shule.

Mama ameondoka leo asubuhi. Aliogea ndoo siku zote nne, na kila akitoka bafuni alinisalimu kwa upole ambao sikuupenda.

Binti aliniachia kazi moja tu niliyoruhusiwa kufanya bila kusimamiwa: kugongelea nondo ya futi nne nyuma ya nyumba. Ardhi ya Juni ni kavu kama tofali, kwa hiyo unamwaga maji, unagonga, unamwaga, unagonga. Jirani akachungulia juu ya uzio akauliza nachimba nini. Saa mbili na nusu baadaye nondo yote ilikuwa imezama, binti akafunga waya, akapima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nifukie na kuweka kifuniko cha zege.

Ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya katika nyumba hii, na haionekani hata kidogo. Nimepiga picha ya kifuniko nikaituma kwenye kundi la ukoo. Shemeji wa Namtumbo ameuliza hicho ni choo cha nani.